Kusi, kiraka na baiskeli ya kukodi

Asubuhi ile natoka Tanga mjini kwenda Mapango ya Amboni, nilikuwa nawapita watu. Nikampita mzee mwenye magunia matupu ya mkaa keriani. Nikampita kijana aliyebeba kreti ya soda. Nikawapita wawili waliokuwa wakienda sambamba wakipiga soga, nikawagongea kengele kwa madaha. Mguu mwepesi, mnyororo unalia kri-kri, na mimi moyoni najisifu: mama wa watoto wawili, miaka thelathini na tisa, kazi ya kukaa kitini kutwa mbele ya kompyuta, lakini hebu tazama! Damu ya Shinyanga haipotei.

Kumbe ulikuwa upepo.

Nitafika huko. Nianze na Ijumaa.

Ofisi yetu ya Dar ilitupeleka Tanga kwa semina ya siku tatu, mwezi wa saba. Semina yenyewe sina la kuisimulia; tulikula vizuri na projekta iliharibika mara mbili. Wenzangu walipanda basi Ijumaa hiyo hiyo pale Kange. Wenyewe Tanga wanaiita "waja leo waondoka leo", na wenzangu walitii neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa mpaka Jumatatu, kwa sababu ya kitu nilichokiona siku tuliyoingia.

Safari ya kuja ilikuwa ya kawaida: Chalinze, Segera, machungwa ya Muheza tuliyonunulia dirishani, kisha mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari mpaka macho yanachoka. Lakini kwenye bajaji, kutoka Kange kwenda mjini, nilianza kuhesabu baiskeli. Nilifika arobaini na kitu nikaacha. Bibi wa makamo kavaa baibui, kikapu mbele, anakwenda pole pole kama aliyeketi barazani kwake. Mzee wa kanzu, pindo kalishika kwa mkono mmoja, anawahi swala. Baba, mama na mtoto, wote juu ya baiskeli moja, na mtoto amelala.

Kwetu Shinyanga baiskeli ni kazi. Ukitaka usafiri wa haraka unaita daladala, na daladala ya kwetu haina injini: ni kijana, baiskeli na kimto kwenye keria. Baba yangu alikuwa na Phoenix nyeusi, saizi 28, aliyobebea pamba kwenda chama cha msingi, magunia yamefungwa kwa mipira ya tyubu mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Nilijifunzia hiyo hiyo, mguu nimeupitisha chini ya chuma cha katikati kwa sababu kwenye siti nilikuwa sifiki. Dar nako, baiskeli ninazoziona ni za wauza mikate na za wale wanaovaa vikaptula vya kubana Jumapili asubuhi. Sijawahi kuishi mahali ambapo mtu anapanda baiskeli kama anavyovaa kandambili, bila kuwaza.

Nikamuuliza dada wa mapokezi pale nilipofikia kama naweza kupata baiskeli. Akacheka kwanza. Halafu akaniambia nivuke reli niende Ngamiani, nimuulizie Mgosi.

Ngamiani ni mtaa wa kumfurahisha mhasibu. Barabara zake zina namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi zinapita ishirini. Ukipotea unahesabu tu. Jina lenyewe linasema ni mahali pa ngamia; ngamia sikumwona, mbuzi niliwaona. Tatizo langu lilikuwa jingine: kila mwanamume wa Tanga ni mgosi. Kumuulizia "Mgosi wa baiskeli" barabara ya kumi na mbili ni sawa na kuulizia "Juma wa Kariakoo". Nilielekezwa kwa wagosi watatu kabla ya kumpata wangu, mzee wa kofia ya kufuma, amekaa kwenye kigoda kati ya rimu zilizoning'inizwa ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa unakodisha baiskeli."

"Nakodisha. Anayeendesha nani?"

"Mimi."

Akanitazama viatu, akatazama gauni, akanisukumia moja ya kike isiyo na chuma cha katikati. "Hebu nenda mpaka pale msikitini urudi."

Nikaenda, nikarudi. Watoto wawili walinikimbilia nyuma wakishangilia, sijui kwa nini.

"Umejifunzia wapi?"

"Shinyanga."

"Ndiyo maana unakaa kama umebeba gunia."

Alitaka elfu tano kwa siku. Nikasema elfu nne, akakubali haraka mpaka nikajua ningesema elfu tatu. Nikatoa kitambulisho cha taifa niache dhamana, akakirudisha mkononi mwangu bila kukisoma. "Ukiipandisha kwenye basi nitajua tu," alisema. Kisha akachukua kitambaa kilicholowa oili chafu akaanza kufuta rimu, ya mbele na ya nyuma, taratibu, kama anayemfuta mtoto pua. Rimu zilikuwa na madoadoa ya kutu. Nilipofungua mkoba wangu kutafuta kamba, maana nyumbani tulifunga mzigo kwa mpira, akanikatia kipande cha kamba ya mkonge.

"Mpira unarusha mzigo barabarani," akasema. "Hii inashika."

Sikubishana. Huko ndiko nyumbani kwa mkonge. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuagizia mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kwa hiyo ukiwa Tanga mtu akikwambia kuhusu kamba, unafunga mdomo na unafunga mzigo.

Jioni hiyo nilizunguka mjini kupima breki. Reli ninayoivuka kutoka Ngamiani imeanza kujengwa mwaka huo huo wa 1893, ya kwanza katika koloni lote la Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Ukishaivuka mji unabadilika: barabara pana, miti mikubwa, nyumba za ghorofa moja zenye roshani za mbao, nyingine zimepakwa rangi upya na nyingine zinasubiri mtu mwenye huruma. Nikapita bustani ya Jamhuri kwenye mnara wa saa wa Wajerumani, nikasimama kutazama bandari. Katikati ya ghuba kuna kisiwa kidogo chenye miti mingi, Toten, jina la Kijerumani lenye maana ya wafu. Kuna makaburi ya kale na magofu ya msikiti. Jua likizama nyuma yako kile kisiwa kinakuwa kijani kibichi mno, huamini hilo jina.

Halafu nikaenda Raskazone kwa njia ya hospitali ya Bombo. Hii barabara nakushauri uipitie kwa baiskeli tu. Kwa gari inakwisha kabla hujameza mate. Kwa miguu ni mbali kidogo. Kwa baiskeli unapata kivuli cha miembe, harufu ya bahari inayokuja na kupotea, na watu wanaokusalimia bila kugeuza shingo. Raskazone ndipo Waingereza walipotua Novemba 1914 na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kuja kuuteka mji uliolindwa na kama 1,000 tu, Wajerumani na askari wao wa Kiafrika. Walipigana siku tatu. Risasi zikachokoza mizinga ya nyuki, nyuki nao wakashambulia bila kuuliza nani ni wa upande gani. Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi lukuki. Kumbukumbu za vita zinasema upande uliolemewa ulikuwa na makosa mengi kabla ya nyuki, lakini watu wanapenda nyuki. Mimi nilipita chini ya miti ile nimefunga mdomo.

Jumamosi sasa.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kaskazini mwa mji, njia ya Horohoro, ile iendayo mpaka wa Kenya. Nilitoka saa tatu asubuhi na chupa mbili za maji, maandazi manne, na majivuno niliyokwisha kuyaeleza. Malori yanapita, lakini bega la barabara lina nafasi, na madereva wa huko wamezoea baiskeli. Wanakupa upana kama wanavyompa ng'ombe. Baada ya kuacha lami unaingia njia ya vumbi kuelekea mapangoni. Nilifika sijatoka hata jasho la maana. Nikamkabidhi mlinzi baiskeli, akaiegemeza kwenye mti, akaniuliza nimetoka wapi.

"Mjini."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Mbona karibu tu!"

Alinyamaza. Sasa hivi najua kwa nini alinyamaza.

Ndani ya pango kuna baridi nzuri, na giza ambalo mjini hulioni hata umeme ukikatika. Kijana wa kunitembeza alikuwa na tochi moja na utani mwingi. Maji yamechonga mawe ya chokaa kwa mamilioni ya miaka, na kila umbo limeshapewa jina: hii ramani ya Afrika, hii meli, hii kiti. Mengine yanafanana kweli. Mengine unakubali kwa adabu. Kuna vipenyo ambavyo unapita kwa kukunja magoti na kuomba, na juu ya kichwa popo wananong'ona. Mahali pamoja pana mzimu: chupa za marashi, vitambaa, sarafu, vitu vya watu waliokuja kuomba mtoto au kazi. Kijana alishusha sauti tulipopita, utani ukakoma, na mimi nikaufuata ukimya wake.

Alinisimulia Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ikimwita jambazi na wenyeji wakimsimulia kama mtu aliyewachukulia wazungu mali. Alinisimulia pia mbwa aliyeingia humu akatokea Kilimanjaro. Watafiti waliopima mwaka 1994 walikuta hata pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja, lakini siwezi kumshitaki mbwa kwa hilo.

Nilitoka nje saa saba. Kwenye njia ile ya vumbi, kabla sijaifikia lami, nikasikia nyuma pssss. Gurudumu la nyuma likalala kama chapati.

Nikaburuza. Jua la saa saba la Tanga halina msamaha hata mwezi wa saba. Nilipofika njia panda nikamkuta kijana mmoja chini ya mkorosho, na benchi, pampu, beseni la maji na kopo la vifaa. Sijawahi kufurahi hivyo kuona beseni.

Aliipindua baiskeli ikasimama kwa siti na usukani. Akatumia mipini miwili ya vijiko kulitoa tairi kwenye rimu, akavuta tyubu kwa kidole kimoja, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande akiizungusha. Viputo vikatoka, vidogo, vya mfululizo. Akachomeka njiti ya kiberiti pale pale penye tundu asipoteze alama, akafuta kwa shati lake, akasugua kwa msasa hadi raba ikawa ya kijivu. Kisha akapaka solusheni kwa ncha ya kidole, duara safi, akaanza kuipepea. Nikadhani sasa atabandika. Hakubandika. Aliweka tyubu chini akaingiza mkono ndani ya tairi, akawa anapapasa polepole macho yake yakitazama barabarani, kama mkunga. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akatoa mwiba usiozidi punje ya mchele, akauweka kiganjani mwangu.

"Ukiziba bila kumtoa huyu," akasema, "utaniona mimi tena kabla ya daraja."

Baba alikuwa akifanya vile vile. Alikuwa akitufukuza tukimwambia aharakishe, anasema kiraka ni dakika mbili, mwiba ndio kazi. Nilikuwa sijaukumbuka huo mkono ndani ya tairi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kiraka kikatoka kwenye tyubu kuukuu, kikakatwa mviringo, kikabandikwa, kikapigwa kwa kitako cha spana. Shilingi elfu moja. Nikampa na andazi. Alipomaliza kujaza upepo akaminya tairi kwa dole gumba, akaniuliza narudi wapi.

"Mjini."

Akageuka kuitazama minazi iliyo ng'ambo ya barabara. Makuti yote yalikuwa yamelalia upande mmoja, upande wa mapangoni nilikotoka mimi.

"Kusi hiyo, mama," akasema. "Asubuhi imekubeba. Sasa utailipa."

Nililipa. Mtu wa bara anajua upepo kama kitu cha kuleta mvua au kupeleka vumbi machoni, hajui kwamba una ratiba. Pwani mwaka mzima umegawanywa na upepo: kaskazi miezi ya Desemba mpaka Machi, kisha kusi, inayotoka kusini na kupanda nguvu kadiri mchana unavyokwenda. Majahazi yalisafiri hivyo kwa mamia ya miaka. Mimi nilikuwa nimekaa siku nne Tanga sijajua ninakaa upande gani wa upepo. Kilomita nane zile zile zikawa ishirini. Kanyaga unavyotaka, baiskeli inakwenda kama inayosubiri mtu. Gauni likawa tanga, tena tanga la kurudi nyuma. Nikashuka nikalikunja, nikalifunga kiunoni kwa kile kipande cha kamba ya mkonge, suruali ya ndani ikaonekana na sikujali.

Dada mmoja mwenye baibui akanipita. Keriani alikuwa na mtoto, na mbele ndoo. Hakuwa akikimbia hata kidogo. Kiwiliwili kakilaza mbele, viwiko ndani, anakanyaga kwa mwendo mmoja tu kama saa ya ukutani. "Pole, dada," akasema, akaendelea zake.

Walionipita baadaye sitawataja. Kijana wa kreti ya soda alikuwamo.

Wokovu ulikuja na godoro. Mzee mmoja aliingia barabarani kutoka kwenye kijia, keriani kafunga godoro la futi nne kwa sita limesimama wima. Ungedhani kwa upepo ule angepeperuka hadi Horohoro, lakini alikuwa mzito, mwenye mashavu ya miguu ya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Nikajikuta niko nyuma yake, na ghafla pakawa kimya. Upepo ukaisha. Nikamsogelea zaidi. Nikawa nakwenda bila taabu, pua yangu futi tatu kutoka kwenye godoro la watu lenye maua mekundu.

Baada ya muda akageuza kichwa.

"Nani huko nyuma?"

"Mimi, baba. Shikamoo. Najikinga."

"Marahaba. Jikinge tu. Godoro kubwa, linatutosha."

Tulikwenda hivyo mpaka Chumbageni. Alipokata kona yake nilimshukuru, akanyoosha mkono mmoja juu bila kugeuka. Upepo ukanirudia usoni kama kofi.

Jumapili nilikuwa nimeiva. Nilitoka alfajiri kabla ya kusi kuamka, nikaenda soko la samaki la Deep Sea kutazama mnada. Pilikapilika, maji ya samaki hadi kwenye vifundo, wanaume wanatangaza bei kwa kasi ambayo sikuielewa hata neno. Nilimuuliza mama muuza samaki kama amewahi kumwona silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Bahari ya Tanga wanaingia nyavuni, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mama akasema anamjua. "Haliki yule," akasema, na kwake mazungumzo yakaishia hapo. Nikanunua changu wawili, nikawafunga keriani kwa kamba ya mkonge. Hawakurushwa barabarani.

Jioni nikairudisha baiskeli. Mgosi aliikagua kimya. Akaminya tairi la nyuma kwa dole gumba, akalizungusha, akasimama penye kiraka ingawa kwa nje hakionekani. "Amekuzibia vizuri," akasema. Sijui alijuaje. Sikuwa nimemwambia. Akachukua kile kitambaa chake cha oili akaanza kufuta rimu.

Usiku nikampigia baba. Ana miaka sabini na minne na hajawahi kuona bahari kwa macho yake. Nikamweleza mapango, nyuki, kisiwa cha wafu, godoro. Alisikiliza yote, halafu akauliza:

"Hewa ya chumvi hiyo. Haili rimu?"

"Inakula, baba. Zina kutu."

"Sasa wanafanyaje?"

"Yule mzee anapaka oili chafu kila jioni. Mbele na nyuma."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Huyo fundi," akasema. Kisha akaanza kunieleza bei ya pamba.